Tabora: Uso uoshwe mara mbili, lakini kwa sabuni ipi?

KWA miaka kadhaa sasa ushauri mmoja wa urembo umekuwa ukisambaa katika simu za mkononi kutoka miji ya pwani hadi bara: uso uoshwe mara mbili kila jioni. Mara ya kwanza kwa mafuta, ili kuyeyusha poda, wanja, losheni ya kukinga jua na mafuta yatokayo ngozini. Mara ya pili kwa kisafishaji laini chenye maji, ili kuondoa jasho, vumbi na mabaki ya yale mafuta ya awali. Ushauri huo ulizaliwa Japani, ukapata umaarufu mkubwa kupitia Korea Kusini katika miaka ya 2010, na hatimaye umeingia Tabora.

Haukuandikwa kwa ajili ya Tabora. Mkoa huu una kiangazi kirefu ambacho vumbi lake hutua juu ya kila kitu, una jua lisilo na huruma, na katika wilaya za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui una moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ambao humganda mkulima usoni na nguoni. Kwa hiyo haja ya kuosha uso vizuri jioni ipo, tena kuliko ilivyo kwa karani wa Seoul anayeshinda ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Tatizo liko kwingine. Ushauri huo unachukulia kwamba msomaji anaweza kuingia dukani na kupata kisafishaji laini. Katika maduka mengi yaliyo kando ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Manyoni hadi Ujiji, kinachopatikana ni sabuni ya mche, sabuni ya kuogea yenye manukato makali, na nyuma ya kaunta, kwa anayejua kuuliza, krimu na sabuni ambazo sheria ya nchi imezipiga marufuku.

Kwa mwenye ngozi ya kawaida hilo si jambo kubwa. Kwa mwenye ngozi nyeti, yaani ile inayowaka, kuwasha, kubabuka au kuwa nyekundu kwa kitu ambacho jirani yake hakioni kuwa tatizo, kuosha mara mbili kwa sabuni isiyofaa ni kujiumiza mara mbili.

Mafuta si mgeni

Wanaouza chupa ndogo za mafuta ya kusafishia uso huzitangaza kama uvumbuzi. Kampuni ya Shu Uemura ya Japani iliingiza sokoni mafuta ya aina hiyo mwaka 1967, lakini wazo lenyewe ni la kale mno. Warumi walijipaka mafuta ya zeituni na kuyakwangua pamoja na uchafu. Tabibu Galen, aliyeishi katika karne ya pili, ndiye anayetajwa kuwa alichanganya nta ya nyuki, mafuta na maji ya waridi, mchanganyiko ambao ni babu wa krimu nyingi za kuondolea vipodozi zilizopo leo.

Katika magharibi ya Tanzania mafuta na ngozi vina uhusiano mrefu. Mawese ya Ujiji yalikuwa bidhaa katika njia hiyo hiyo iliyopitisha pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, nguo na shanga, wakati Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mnamo Novemba 1857. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilirithi njia hiyo pamoja na mizigo yake. Hadi leo mafuta ya mawese na yale ya mise, yatokanayo na kokwa ya mchikichi, husafiri takriban kilometa 400 kutoka Kigoma kuja Tabora, mengine kwa kupikia, mengine kwa kutengenezea sabuni, na mengine kwa kujipaka mwilini na kwenye nywele.

Hivyo anayeambiwa na msichana wa mjini kwamba aanze na mafuta hana sababu ya kushangaa. Ila mafuta ya jikoni na mafuta ya kusafishia uso si kitu kimoja, na hapa ndipo ushauri wa simu unapowapoteza wengi. Mafuta ya dukani yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo yametiwa kiambato kinachoyafanya yachanganyike na maji. Yakiguswa na maji hugeuka meupe kama maziwa na kuondoka. Mafuta ya alizeti au ya mawese hayana kiambato hicho. Hubaki usoni kama utando, na mtu anayeona utando huo hukimbilia sabuni kali na kusugua. Faida yote ya hatua ya kwanza huishia hapo.

Aina ya mafuta nayo ina maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Uingereza ulilinganisha mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi ya watu wazima, na ukaonyesha kwamba mafuta ya zeituni yalidhoofisha tabaka la juu linalolinda ngozi, ilhali ya alizeti yaliliacha salama. Ni habari njema kwa ukanda huu, kwa kuwa alizeti ya Singida na Dodoma iko karibu kuliko zeituni ya Ulaya, na bei yake inajulikana. Mawese mekundu yana kasoro ya wazi: hupaka rangi taulo, mto na kola. Asali ya Tabora, kwa sifa zake zote, haiyeyushi losheni.

Ubesi wa sabuni

Ngozi ya uso yenye afya ina uchachu kidogo. Katika kipimo kiitwacho pH, ambacho maji safi yasiyo na chumvi yoyote huwa na 7, ngozi huwa karibu na 5. Sabuni halisi, yaani ile inayotokana na mafuta kuchemshwa pamoja na magadi makali, huwa kati ya 9 na 10. Kila hatua moja katika kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo umbali kati ya ngozi na kipande cha sabuni si mdogo kama tarakimu zinavyoonekana.

Sabuni haichagui. Inapoondoa vumbi na moshi huondoa pia mafuta ya asili yanayoshikanisha seli za juu za ngozi. Ngozi imara hujirudisha katika hali yake baada ya saa chache. Ngozi nyeti huchelewa, na kabla haijapona huoshwa tena asubuhi. Dalili ni zile ambazo watu wengi huzichukulia kuwa ni usafi: uso kukaza baada ya kuoshwa, kung’aa kama uliovutwa, na kuchonyota unapopakwa chochote. Uso unaokaza hivyo umeanza kupoteza kinga yake, wala usafi wake haujazidi.

Ndiyo maana wataalamu wa ngozi kwa kawaida hawamwambii mwenye ngozi nyeti aoshe mara mbili kwa desturi. Humwuliza kwanza amejipaka nini. Ikiwa hana kitu usoni zaidi ya jasho na vumbi, maji ya uvuguvugu na kisafishaji laini mara moja jioni hutosha, na asubuhi maji matupu. Ikiwa amepaka vipodozi vizito au losheni ya jua isiyotoka kwa maji, hapo hatua ya mafuta ina kazi, kwa sababu bila hiyo atalazimika kusugua.

Zebaki ndani ya sabuni

Kuna sababu nyingine ya kuhoji sabuni inayouzwa katika ukanda huu, nayo ni nzito kuliko ubesi. Katika miaka ya 1990 Masazumi Harada, daktari wa Japani aliyetumia maisha yake kuwachunguza wahanga wa sumu ya zebaki huko Minamata, alikuja na wenzake kupima nywele za wachimbaji wadogo wa dhahabu na wavuvi wa upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria. Walitafuta zebaki ya machimboni na ya samaki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yaliwaelekeza pia mahali ambapo wachache walikuwa wamepatazama: baadhi ya waliokutwa na viwango vikubwa sana walishukiwa kuipata zebaki hiyo kutoka katika sabuni ya kuogea.

Haikuwa habari mpya kabisa katika Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walikuwa wameeleza kuhusu wagonjwa wa figo, wengi wao wanawake waliotumia krimu zenye zebaki ili kung’arisha ngozi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za aina hiyo huwa na takriban asilimia 1 hadi 3 ya madini hayo katika umbo la iodidi ya zebaki. Nyingine zilitengenezwa Ulaya, ambako raia walikuwa tayari wamekatazwa kuzitumia, kisha zikauzwa Afrika. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 2003.

Mwaka huo huo wa 2003 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, iliyoanzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vilipigwa marufuku, na picha za shehena zikiteketezwa kwa moto zikawa za kawaida katika magazeti. Mwaka 2019 mambo yalibadilika: kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mamlaka ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kimataifa, Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 uliruhusu kiwango kidogo sana cha zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukifuta hata hicho.

Sheria hizo zote ni nzuri. Ziwa Tanganyika lakini ni refu, lina kilometa zaidi ya 650, na mitumbwi yake haisubiri forodha. Bidhaa zinazotoka Kongo na Burundi hupita Kigoma, na kutoka hapo njia ni ile ile: Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora. Maelezo ya lebo yakiwa kwa Kifaransa, mnunuzi wa Tabora hana namna ya kujua kilichomo isipokuwa kwa kumwamini muuzaji. Mikataba ya ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Isaka na Kigoma, ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Mizigo itakapoanza kwenda kwa kasi hiyo, ukaguzi wa kuvizia barabarani utakuwa umepitwa na wakati.

Inafaa kuongeza kwamba krimu hukaguliwa kuliko sabuni. Krimu ya kung’arisha inajitangaza yenyewe kwa picha ya mwanamke mweupe juu ya kopo. Sabuni yenye zebaki inaweza kuandikwa kuwa ni ya kuua vijidudu, ya chunusi au ya upele, na mwenye uso unaowasha ndiye wa kwanza kuinunua.

Unyeti wa kujitakia na wa kuzaliwa nao

Si kila ngozi nyeti iliumbwa hivyo. Mchanganyiko uitwao mkorogo, unaotengenezwa kwa kukoroga krimu, losheni na wakati mwingine dawa za hospitalini, mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, ambayo daktari huitoa kwa siku chache na kwa sehemu ndogo ya mwili. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi hupungua unene, mishipa midogo huonekana, vipele hutokea, na mtumiaji akijaribu kuacha uso huwaka moto. Huyo ndiye anayeingia mtandaoni kutafuta namna ya kusafisha uso wenye ngozi nyeti. Anachokipata ni hatua mbili za kuosha, ilhali anachokihitaji ni daktari na muda mrefu wa kutopaka kitu. Kumwambia aongeze bidhaa ya kumi juu ya tisa alizonazo si msaada.

Wapo hata hivyo ambao unyeti wao ni wa kuzaliwa, na hao ndio ambao mjadala huu wote unawahusu kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa hawatajwi kabisa katika video za urembo. Ni watu wenye ualbino. Makadirio ya kitaalamu yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu mmoja kati ya 1,400, kiwango kikubwa kikilinganishwa na sehemu nyingi za dunia. Utafiti uliohusisha watu 350 jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1985, ulionyesha jinsi madhara ya jua yanavyoanza mapema katika maisha yao na jinsi saratani ya ngozi inavyowafuata wakiwa bado vijana.

Tabora ni miongoni mwa mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa ambako, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, watu hao waliishi kwa hofu ya mauaji na kukatwa viungo. Hofu hiyo iliandikwa sana, na ilistahili. Jua limewaua kimya kimya zaidi, na habari zake huandikwa kila Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, kisha husahauliwa.

Kinga yao ni kofia pana, nguo za mikono mirefu na losheni ya jua inayopakwa kila siku, na kupakwa tena mchana. Losheni iitwayo Kilisun imekuwa ikitengenezwa Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC kilipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa nchi za kanda, na kugawiwa bure kwa walengwa kupitia kliniki katika mikoa mbalimbali. Ni moja ya kazi zinazostahili sifa katika tiba ya ngozi barani Afrika.

Lakini losheni inayokaa vizuri juani ni ile ile isiyotoka kwa maji jioni. Mtoto wa shule anayepakwa asubuhi na mchana, akacheza vumbini, anarudi nyumbani na tabaka la losheni, jasho na udongo vilivyoshikamana. Mama yake ana sabuni ya mche na dodoki. Anasugua, kwa mapenzi kabisa, uso ambao tayari umechomwa na jua. Kesho yake losheni ikiguswa uso huo inachonyota, na si ajabu mtoto akaanza kuikwepa. Hapo ndipo kuosha mara mbili kunapoacha kuwa anasa ya mjini. Kwa mtoto huyo mafuta kidogo kabla ya maji yanaweza kuamua kama losheni ya kesho itapakwa au itabaki kwenye kopo.

Kwa kawaida katika siku za kugawa vifaa watu hupewa losheni, kofia na miwani. Namna ya kuitoa losheni hiyo jioni si jambo linalopewa nafasi kubwa.

Kilichopo mkononi

Hatua zenyewe hazihitaji chupa ya kutoka Seoul. Mafuta safi ya alizeti, kiasi cha kijiko cha chai, hupakwa kwenye uso mkavu kwa ncha za vidole, bila kusugua, kwa muda usiozidi dakika moja. Kitambaa laini cha pamba kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa hutumika kufuta, kikisuuzwa na kurudiwa. Kitambaa hicho kiwe cha mtu mmoja, kifuliwe na kuanikwa juani kila siku, la sivyo kitasambaza maradhi ya macho nyumba nzima. Kama utando uliobaki ni mwembamba, uachwe; kwa ngozi kavu utando huo ni kinga ya usiku. Kisafishaji cha pili kitumike tu pale kinapohitajika, kiwe kisicho na manukato, na kisiwe sabuni halisi. Dodoki, mchanga, chumvi, sukari na limau vibaki jikoni. Bidhaa yoyote mpya ijaribiwe kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa. Mwenye chunusi nyingi aende kwa uangalifu na mafuta, na mwenye kidonda kisichopona, hasa akiwa na ualbino, asiendelee kukiosha wala kukipaka mafuta, bali aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete au kliniki ya ngozi iliyo karibu.

Maji nayo yamo katika hesabu. Mji wa Tabora, uliotegemea Bwawa la Igombe kwa miongo mingi, sasa unapata pia maji ya Ziwa Victoria kupitia bomba lililojengwa kwa mkopo wa India na kuhudumia vilevile Nzega na Igunga. Vijiji vingi havimo katika bomba hilo. Kule ambako ndoo moja ya kiangazi ni ya kupikia, kunywa na kuogea, mbinu ya kufuta kwa mafuta na kitambaa inatumia maji kidogo kuliko kusuuza mara mbili, na hiyo pekee ni hoja ya kutosha.

Kuhusu kisafishaji laini, ukweli ni kwamba katika maduka ya dawa ya mikoani hakipatikani kwa urahisi, na kikipatikana ni cha kuagizwa nje. Inashangaza kidogo ukizingatia mahali penyewe. Tabora ni kitovu cha ufugaji nyuki nchini, ina Chuo cha Ufugaji Nyuki, na nta ya misitu yake ya miombo imekuwa ikisafirishwa kwenda Ulaya tangu enzi za Wajerumani. Nta hiyo ni kiungo cha malhamu nyingi za kuondolea vipodozi na losheni. Inapita Reli ya Kati kwenda bandarini ikiwa bidhaa ghafi, na hurejea ndani ya kopo dogo ambalo mfugaji aliyerina hawezi kulinunua. Alizeti iko Singida, mise iko Kigoma, nta iko Tabora, na Moshi kuna watu waliokwisha kuonyesha kwamba losheni ya viwango inaweza kutengenezwa nchini. Malhamu ya kufutia uso, isiyo na manukato, ikiwa na alama ya TBS na maelezo ya Kiswahili, haihitaji kiwanda kikubwa. Inahitaji mtu wa kuinunua kwa wingi mwanzoni, na mnunuzi huyo anaweza kuwa programu zile zile zinazogawa losheni ya jua.